Bakuli la Mgeni

Oktoba 17

Shangazi Shizue ameamuru kila mtu wa kikundi chake cha kusoma aandike shajara mpaka msimu wa kaki, matunda yetu ya huku mlimani, uishe. Anasema tunasoma kwa macho tu, kichwani hakibaki kitu. Alifundisha fasihi shule ya sekondari mpaka akastaafu, na bado anatuangalia kama tumechelewa darasani. Mimi ni dereva wa lori kutoka Osaka, niliyeoa huku mlimani, na nimejiunga kwa sababu moja tu: baba mkwe wangu, Mzee Kiichiro, ambaye ni mdogo wake Shangazi, yumo. Ni mahali pekee ninapoweza kukaa naye bila yeye kuinuka ghafla kwenda kuangalia miti yake.

Haya, nimeandika. Leo kulikuwa na ukungu mtoni hadi saa nne.

Oktoba 20

Hadithi tuliyopewa inaitwa "Bakuli la Tano". Ni fupi, na aliyeiandika ni mtu wa bonde hili hili, alikufa kabla sijazaliwa. Kijana anaoa katika nyumba ya wachoma mkaa isiyo na mtoto wa kiume. Anahamia kwa wakwe, kama mimi. Anaacha jina la baba yake na kuchukua lao, kama mimi. Pale kila mtu ana bakuli lake la wali, ila yeye anapakuliwa katika bakuli la wageni, la tano katika seti. Miaka inapita. Siku moja mkwewe analichukua lile bakuli, anatoka nalo uani, analipiga juu ya jiwe. Theluji inaanza kuanguka. Mwisho.

Mwisho! Niligeuza karatasi kutafuta ukurasa uliobaki. Wapi! Nikaisoma tena toka mwanzo, maana mimi tangu harusi nakula katika bakuli la wageni, moja la seti, jeupe lenye mistari ya buluu. Katika nyumba hii bakuli la mtu hununuliwa na mwenye nyumba. Mzee alimnunulia Mama Toyoko siku alipoingia akiwa bibi harusi. Alimnunulia Chinatsu, mke wangu, alipoacha ziwa. Mimi, kimya. Ningeweza kujinunulia, maduka yapo, lakini hiyo ni sawa na kujialika harusini.

Tena ukila bakuli la mgeni unakuwa mgeni kweli. Sijawahi kuomba kuongezwa wali. Nangoja Mama aniulize, nakataa kwanza, ndipo napokea. Mwaka mzima nainuka mezani na nafasi tumboni.

Oktoba 21

Tumeanza kuchuma. Shingo inauma.

Oktoba 24

Chinatsu ana mimba! Ameniambia juu ya ngazi, nikiwa nimekumbatia tawi, nusura nianguke. Nilipiga kelele hadi kunguru wakaruka.

"Shuka kwanza," akasema. "Kuna jingine."

Nikashuka.

"Kaki zikiisha, kama bado unakula kwenye lile bakuli, tunahamia Osaka. Mwanangu hatazaliwa kwenye nyumba ambayo baba yake ni mgeni."

"Na wazee je? Na shamba?"

"Hilo muulize baba yangu."

Kuhama Osaka! Mimi niliyeacha kila kitu nikaja huku, sasa mke wangu mwenye kwao ndiye anayetaka kuondoka. Nilikaa chini ya mti nikashindwa hata kuwasha sigara. Jambo ni kwamba sitaki kuondoka. Nimeipenda miti hii. Nimempenda hata yule mzee asiyesema, ingawa mpaka leo haniiti kwa jina. Ananiita "Osaka".

Oktoba 28

Kikundi kilikutana ukumbi wa kijiji. Shangazi Shizue alisimama mbele ya ubao kana kwamba tuna mtihani.

"Bakuli ni ishara ya nini?" akauliza. Hakungoja jibu. "Bonde hili bakuli la mtu huvunjwa mara mbili. Binti anapoondoka kwao kwenda kuolewa, na maiti inapotolewa nyumbani. Zote mbili maana yake moja: nenda, usirudi. Kwa hiyo mkwe amefanya nini?"

"Amemfukuza," nikasema mimi, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. "Kijana kafanya kazi kama punda, halafu anafukuzwa bila hata neno. Na mwandishi anatuletea theluji eti tuone inapendeza! Mimi ningekuwa huyo kijana ningeanza kwa kuvunja sufuria."

Watu wakacheka. Shangazi akasema, "Bwana mkwe leo kasoma." Mara ya kwanza ananisifu, na mimi mjinga nikafurahi.

Ndipo Mzee Kiichiro akafungua mdomo. Kwenye kikundi hasemi kamwe, huja kunywa chai.

"Umeisoma kama mtu anayesubiri kufukuzwa," akaniambia.

Mzee akamalizia chai yake, akavaa kofia, akatoka. Ile ilikuwa kejeli au nini? Nimeigeuza njia nzima sijaielewa.

Novemba 2

Kumenya. Kumenya. Kumenya. Hata ndotoni namenya.

Novemba 6

Leo tumetundika za mwisho. Banda zima limejaa kaki zilizomenywa, kamba hadi kamba, toka darini mpaka kiunoni, rangi ya chungwa tupu. Ukizionja sasa zinakukaza mdomo hadi unashindwa kutukana. Zikipata baridi na hewa mwezi mmoja zinakuwa tamu kuliko peremende.

"We Osaka, unafunga kama unafunga mizigo ya lori," Mzee akasema.

"Ndiyo kazi ninayoijua, Mzee."

Akashika vidole vyangu, akanionyesha fundo. Mikono yake ilikuwa baridi sana, nikashtuka kidogo. Kisha akaegemea nguzo muda mrefu akivuta pumzi, akaniambia niendelee, anaangalia.

Novemba 11

Mvua ya joto. Novemba, na mvua ya joto! Mama Toyoko anatembea akisema haijawahi kuonekana. Mzee amekwenda mjini hospitali kupimwa macho, Mama kamsindikiza, watalala kwa ndugu. Chinatsu anatapika toka asubuhi. Mzee aliniachia banda. Alisema neno moja tu, "Angalia," akapanda gari.

Nimeangalia. Mvua ilikuwa inapiga upande upande, nikafunga madirisha yote, na feni nikazizima zisivute unyevu ndani. Nimejipongeza.

Novemba 13

Sijui niandike vipi.

Kuvu. Nilipofungua banda leo harufu ilinipiga usoni. Madoa ya kijani, madoa meusi, kamba kwa kamba. Nilishika moja ikabonyea kama jicho. Nikakimbia uani, nikarudi, nikakimbia tena, kama kuku. Kumbe feni ndizo za kuwashwa! Ukifunga lazima hewa izunguke, kila mtoto wa bonde hili anajua, ila mimi. Karibu nusu ya mavuno imekwenda na maji.

Mzee aliporudi alisimama mlangoni. Hakupiga kelele. Ningemshukuru kama angenipiga hata kofi. Alianza kukata kamba zilizooza, moja moja, akaziweka kwenye ndoo. Nikapiga magoti palepale kwenye sakafu.

"Mzee, nisamehe. Ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema. "Leta ndoo nyingine."

Shangazi Shizue akaja mchana, habari kapewa na nani sijui. "Mtu wa pwani umpe banda la kaki! Kiichiro, wewe pia una makosa." Mzee akaendelea kukata.

Novemba 15

Asubuhi nilishuka kula. Mzee alikuwa amesimama mezani, mkononi ana bakuli langu. Yaani la wageni, nililolizoea mimi. Tupu. Alilitazama ndani kana kwamba kuna kitu chini. Akafungua mlango wa uani, akavaa kandambili. Nikamfuata bila kujua kwa nini. Alifika kwenye lile jiwe tunaloegeshea ngazi, akanyanyua mkono, akalipiga.

Paa! Vipande vikaruka mpaka miguuni kwangu.

Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka yule kijana wa hadithi, hata yeye hakusema. Nikainama kuokota, sijui nilidhani nitaliunga.

"Usiokote," Mzee akasema. "Utajikata."

Akachukua ufagio, akazoa mwenyewe taratibu, akaingia ndani kula. Kula! Kavunja bakuli langu, kisha anakula figili!

Chinatsu alipolia alilia kwa hasira. "Baba! Umesoma kitabu ukaona ndiyo mfano wa kuigiza? Mbele ya macho yake?"

"Wali unapoa," Mzee akajibu.

"Mutsuo, panda juu, funga mizigo," Chinatsu akaniambia.

Nikapanda. Nilitoa begi, nikalifungua, nikalitazama. Lakini dirishani nilimwona Mama Toyoko akienda bandani peke yake na ndoo, mgongo umepinda, na nusu ya kaki iliyobaki bado inataka kazi. Siwezi. Nimemwambia Chinatsu alichosema mwenyewe: kaki zikiisha. Ameniita zezeta, kisha akanishika mkono.

Novemba 16

Mama amenipakulia wali kwenye bakuli la mbao la supu. Supu nikanywea kikombe cha chai. Mabakuli mengine ya wageni yapo kabatini, hakuyagusa.

Novemba 17

Vilevile. Baridi imerudi, sasa ndiyo imerudi.

Novemba 25

Kikundi. Mzee hakuja. Habari zimeshafika kila nyumba, maana nilipoingia watu waliacha kunong'ona.

"Nilisema maana yake ni hiyo," Shangazi Shizue akasema, lakini hakuniangalia. Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Sikujua atafanya kweli." Nadhani hata yeye ameshtuka. Alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

Desemba 1

Kaki zilizopona zimekauka. Tunazifinya kwa vidole, moja moja, sukari ipande juu na kufanya unga mweupe. Mzee na mimi tulikaa mkekani tukitazamana toka asubuhi. Nimemchukia wiki mbili hizi, jamani nimemchukia, naamka na maneno ya kumwambia. Leo niliyatayarisha yote. Kabla sijaanza, akasema:

"Mwakani mvua ikija, funga upande wa mto tu. Feni washa zote."

"Mwakani?"

"Hukusikia?"

"Mzee, mwakani mimi nitakuwa wapi?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. Akanirushia kaki. "Hii umeifinya sana. Kula."

Nikala. Sielewi kitu. Mtu huyu kanivunjia bakuli, kisha ananipangia kazi za mwaka ujao. Nilimwambia Chinatsu, akasema baba yake anazeeka vibaya. Begi bado liko wazi chumbani.

Desemba 5

Mzee Kiichiro amefariki.

Naandika tena, maana mkono hauamini. Mzee amefariki. Alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka baada ya chai ya asubuhi, kaki mkononi. Nilikwenda kuleta kikapu, hata dakika tano sijui kama zilifika. Niliporudi alikuwa amelala ubavu. Nilidhani anapumzisha mgongo wake. Nilimwita "Mzee," nikamwita tena, kisha nikasikia sauti inapiga kelele "Baba! Baba!" na ilikuwa yangu.

Daktari alisema moyo. Mama Toyoko akaitikia kwa kichwa kana kwamba kaambiwa bei ya mchele.

"Tulijua," akasema. "Siku ile hatukwenda kupima macho."

"Mlijua?" Chinatsu akaruka. "Mlijua mkanyamaza?"

"Alisema kaki kwanza. Na wewe una mimba, alisema usishtuliwe."

Usishtuliwe! Loo! Nilitoka nje nikapiga teke ile ndoo ya kuvu ikafika barabarani. Hasira, halafu kilio, halafu hasira tena. Alikuwa anakufa mbele yangu huku akinifundisha fundo, na mimi nashughulika kumchukia.

Desemba 6

Jioni ya mkesha. Mzee amelazwa chumba cha mbele. Mtawa wa hekalu amekuja kusoma sala, majirani wamejaa. Kichwani pa maiti huwekwa wali wa kilima, vijiti vya kulia vimesimamishwa katikati, katika bakuli lake mwenyewe alilotumia kula maisha yote. Kesho, jeneza likitoka, bakuli hilo huvunjwa. Hivyo ndivyo hufanywa, hakuna wa kufundishwa.

Mama Toyoko akaja na wali. Bakuli jeupe. Mistari ya buluu, moja la yale yaliyobaki kabatini.

Shangazi Shizue alishika kifua.

"Toyoko! Umechanganyikiwa? Mdogo wangu umpakulie kwenye bakuli la wageni? Nyumbani kwake mwenyewe?"

"Wifi, anayeondoka kesho ni nani?" Mama akauliza, huku anaweka bakuli chini kwa mikono miwili. "Mgeni ni anayeondoka."

"Na lake liko wapi? Lile la kahawia?"

"Lake lina mtu."

"Mtu gani?"

Mama akasimamisha vijiti, akaviweka sawa. Nilikuwa nimekaa mwisho kabisa, karibu na viatu, na bado sikuelewa, naapa. Chinatsu ndiye aliyegeuka akanitazama, macho yamemtoka.

"Nilimwambia mnunulie kijana bakuli," Mama akasema, sasa anaongea na Mzee, si na sisi. "Nikamwambia aibu hii mpaka lini. Akanijibu, la kununua la nini, na langu karibu linabaki bila mtu? Nikamwambia basi mwambie. Akasema atajua, si yumo kwenye kikundi cha kusoma?"

Mtu mmoja nyuma akacheka kisha akajiziba mdomo. Mimi nilishindwa kucheka, nilishindwa kulia. Kikundi cha kusoma! Mzee kanivunjia bakuli la mgeni ili nisile tena kama mgeni, na mimi, msomaji aliyesifiwa, nikapanda juu kufunga begi.

Desemba 7

Jeneza limetoka. Chinatsu alifungwa kioo kidogo tumboni, kikitazama nje, kama wajawazito wanavyofungwa msibani mtoto asiguswe na kifo. Shangazi Shizue alilileta lile bakuli jeupe mpaka kizingitini.

"Mtoto wa nyumba ndiye anayevunja," akasema. "Chinatsu hawezi, hali yake hiyo." Akasimama na bakuli, hajui ampe nani. Aliangalia majirani. Kisha akaniangalia mimi, akakunja uso, akanisukumia nalo kifuani. "Shika basi. Na uvunje vizuri."

Nikalirusha chini. Likadunda kwenye nyasi, likabingirika mpaka kwenye gurudumu la gari la maiti, zima kabisa, bila hata ufa.

"Hataki kwenda huyo!" mzee jirani akapiga kelele. Watu walishtuka, wengine wakacheka na machozi. Shangazi alikuwa mweupe kama karatasi. Nililifuata lile bakuli kwa magoti chini ya gari, na suti yangu ya kuazima, nikaenda nalo mpaka kwenye jiwe la ngazi. Nikanyanyua mkono. Hapo ndipo nilipojua ni uzito gani alioubeba yeye asubuhi ile. Nikalipiga.

Chinatsu akainama kuokota.

"Usiokote," nikamwambia. "Utajikata."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nikaenda kuchukua ufagio.

Desemba 10

Kaki za mwisho zimepakiwa. Begi limerudi darini. Chinatsu amelirudisha yeye, bila maelezo.

Shangazi Shizue alipita. Anasema bado hakubali. Yule wa kwenye hadithi alimfukuza kijana, na mambo ya Kiichiro ni mambo ya Kiichiro, tusichanganye maisha na fasihi. Mama akamwambia, "Kula kaki, wifi." Akala.

Asubuhi hii ndiyo mara ya kwanza. Mama aliweka mezani lile bakuli la kahawia, zito, lenye pengo ukingoni ambalo Mzee alikuwa akiligeuzia upande wa pili. Nililitazama. Nikaligeuza pengo lisiguse mdomo, nikala, na wali ulikuwa mtamu, nikafika chini bila kujua. Nikabaki nimelishika, nangoja kuulizwa. Hakuna aliyeuliza. Mama alikuwa ananipa mgongo, anaosha vyombo.

Nikalinyoosha. "Mama, niongeze."

Hata hakugeuka. "Inuka upakue mwenyewe. Sufuria si hiyo hapo?"

Nikainuka nikapakua.